Mpendwa Mteja

Kuna benchi moja limeegemea ukuta wa kinyozi, pale njia mbili zinapokutana, na benchi hilo zamani lilikuwa mlango. Tundu la kitasa bado lipo, na kikombe kikiwekwa hapo kinalala upande. Wanaokaa ni wale wale. Yupo Posta, aliyegawa barua kwa baiskeli mpaka akastaafu. Yupo Breki, dereva wa malori wa zamani, aliyeitwa Breki kwa sababu akianza kuzungumza hana. Yupo Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye akisikia hoja nje hutoka kuichangia, akamwacha mteja ndani na nusu ya nywele. Na yupo Mzee Dakika, fundi saa, mfupi, mpole, mwenye kioo kidogo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni hata siku za mapumziko. Anayewamiminia kahawa ni Mama Birika, mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Jiko na birika alivirithi kwa bibi yake, na wazee hao aliwarithi pamoja navyo.

Asubuhi hiyo Mzee Dakika alichelewa. Alipofika hakukaa. Alisimama mbele yao ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa saa ya mwenzake ikamfia mkononi.

— Mzee mwenzangu, kaa, kahawa inakuita, akasema Breki.

— Kahawa baadaye. Posta, nisomee hii. Miwani yangu ni ya kuonea vitu vidogo, na hii habari naona kubwa.

— Imetoka kwa binti yako?

— Imetoka benki.

Wembe akatoka nje na mkasi mkononi.

Mama Birika alimwona Posta akijiweka sawa. Alivuta miwani, akakohoa kidogo, akainyoosha simu mbele yake kama karatasi iliyokunjwa mara tatu. Mkao huo aliujua tangu akiwa mdogo, akitumwa makaa na bibi yake. Enzi hizo kengele ya baiskeli ikilia kwenye kona, watu walitoka majumbani wakijifuta mikono. Posta alimalizia mzunguko wake hapa, akaegemeza baiskeli ukutani, akawasomea barua wale wasioweza kusoma. Kwanza aliipitia kwa macho, kimya. Akiona habari mbaya, aliomba maji ya kunywa na kumwambia mwenye barua akae. Mama Birika alidhani wakati ule kwamba barua za huzuni humtia mtu kiu. Baadaye sana ndipo alipoelewa kwamba mzee alikuwa anatafuta muda, amshike mtu vizuri kabla ya kumwangusha.

Leo Posta hakuomba maji. Akasoma kwa sauti:

— "Mpendwa Mteja. Akaunti yako imesimamishwa kwa sababu za kiusalama. Ili kuifungua, bonyeza hapa chini na uthibitishe taarifa zako. Zimebaki dakika chache kabla ya akaunti yako kufungwa moja kwa moja. Kwa usalama wako, usimweleze mtu yeyote."

Mkasi wa Wembe ukakata hewa mara moja, kwa mazoea tu.

— Rudia hapo katikati, akasema Breki. Zimebaki nini?

— Dakika chache.

— Si huyo! Wamemtaja! Dakika!

— Breki, hiyo ni dakika ya saa.

— Na huyu ni wa nini, wa ngoma? Si wa saa? Wamemwandika kwa jina lake, mchana kweupe.

— Lakini imeandikwa kwa herufi ndogo.

— Kompyuta haina adabu ya herufi kubwa, bwana. Tena angalia: "Dakika Chache." Wamejua mpaka umbo lake, kwamba ni mfupi.

Walicheka, hata Posta. Mzee Dakika hakucheka. Akakaa pembeni kabisa ya benchi. Mama Birika akammiminia kahawa bila kuulizwa, akamshikisha kikombe, akangoja kwanza vidole vyake vikishike vizuri ndipo akauachia mkono wake.

— Bibi yenu anaingia hospitali wiki hii, akasema mzee, taratibu. Jicho. Daktari kasema ukungu ule unatoka, ataona tena. Pesa za jicho zote zimo humo. Sasa wakiifunga, nirudi nyumbani nikamwambie nini?

Hapo kicheko kikaisha. Mke wa Mzee Dakika kila mtu alimjua. Ndiye aliyekuwa akimsomea mumewe kila kitu, barua, mabango, mpaka maandishi ya nyuma ya dawa. Tangu macho yake yaanze kuingia ukungu, mzee alihamishia kusomewa kwake pale benchini, na kila mara alijifanya kwamba ni miwani yake ndiyo yenye matatizo.

— Usiwe na wasiwasi, akasema Wembe. Jambo hili mimi nalifahamu kiutaalamu. Benki imeolewa.

— Imeolewa?

— Ndiyo! Siku hizi benki kubwa inaposa benki ndogo. Sasa bibi harusi anahamisha vyombo. Kila kijiko lazima mwenyewe akitambue, hiki changu, hiki si changu. Ndiyo huko kuthibitisha.

— Unasema nini wewe? Breki akaruka. Sikilizeni. Pesa za siku hizi si makaratasi, zinakaa kwenye waya. Waya ukipata joto, zinapungua, kama dizeli ya lori lililolala juani. Wanamtaka athibitishe haraka kabla hazijawa mvuke.

— Zikiwa mvuke zinakwenda wapi?

— Hujasikia wanasema vitu vyote sasa vinahifadhiwa kwenye wingu?

Wembe akatazama juu. Hata yule mteja wake mwenye nusu ya nywele alichungulia dirishani kutazama juu.

— Basi mvua ikinyesha tungeokota, akasema Wembe.

— Inanyesha kwa matajiri. Wewe umewahi kukaa huko ukaona?

Mama Birika alikuwa anafuta vikombe. Hakupenda kuwaingilia wazee, lakini neno lilikuwa limemkwama.

— Samahani, baba zangu. Mimi hiyo "usimweleze mtu yeyote" imenikaa vibaya.

— Hiyo ni adabu ya benki, binti yangu. Mambo ya pesa ni ya siri.

— Lakini baba ameshatueleza sisi.

Breki alifikiri kidogo.

— Sisi si mtu yeyote. Sisi ni kijiwe.

Posta bado alikuwa ameishika simu. Aliitazama simu kwa jicho la upole, kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotezana naye.

— Mnajua, akasema, siku hizi hakuna anayeandika "Mpendwa." Vijana wanakutumia meseji, "niaje," basi. Mimi nimebeba barua maisha yangu yote. Mtu akianza na "Mpendwa" ujue amekaa kitako, amekukumbuka, ameshika kalamu. Hii benki ina watu waliolelewa.

— Sasa tunafanyaje? akauliza Mzee Dakika.

— Tunafanya kama tulivyofanya siku zote. Barua ikisomwa hapa, inajibiwa hapa, kabla kahawa haijapoa. Mimi niliwahi kuondoka na barua hapa bila jibu?

Hakuwahi, na wote walijua. Alikuwa akisoma, kisha anangoja kwenye benchi hilohilo na begi lake la kaki, mtu aseme la kusema, yeye aandike, na jibu liondoke na baiskeli ileile. Mama Birika alikumbuka mama mmoja aliyekuwa na mwana wa mbali, ambaye kila mara aliishiwa maneno baada ya salamu. Posta alikuwa akimwambia, "Mwambie umepika nini jana," na yule mama akaanza kusimulia mpaka karatasi ikajaa. Watu walikuwa na subira. Hata walipokosa la kusema, palikuwa na mtu wa kuwangoja mpaka walipate.

Basi Posta akabonyeza pale palipoandikwa abonyeze. Ukurasa ukafunguka, na nembo ya benki juu, safi, na rangi zake zote. Wembe akasema, "Mnaona?" Ukurasa uliomba namba ya kadi. Mzee Dakika akaitoa kadi mfukoni, imefungwa ndani ya kitambaa laini anachofutia vioo vya saa. Alimsomea Posta namba moja baada ya nyingine, na Posta akazigonga kwa kidole kimoja, kwa heshima.

Kisha ukurasa ukaomba namba ya siri.

Posta akaondoa kidole upesi kama aliyegusa jiko, akamrudishia mzee simu yake.

— Hapo mimi sipo tena. Siri ni ya mwenyewe. Jamani, geukeni.

Na wote wakageuka. Breki akageukia ukuta. Wembe akageukia mlango wake, akampigia kelele yule mteja dirishani naye ageuke. Posta akaufunika uso kwa mikono miwili. Mama Birika naye akageuka, ikawa mtoto wake mgongoni ndiye pekee aliyebaki akimtazama Mzee Dakika, macho makavu, kidole mdomoni. Hakuna hata mmoja wao aliyechungulia. Moyo wa Mama Birika ulilegea kwa upendo alipowaona, watu wazima wamejipanga ukutani, wanamlindia mwenzao siri yake.

— Huu nao ni mchezo gani?

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Mke wa Mzee Dakika alikuwa anakuja taratibu, kiganja kimoja kinapapasa ukuta. Tangu Posta astaafu, hakufika tena pale kijiweni. Alikuwa akipita ng'ambo ya njia, akasalimia, akaenda zake.

— Naona migongo tu. Mmeadhibiwa?

— Shemeji! wakasema wote kwa pamoja, wakageuka.

Mama Birika alimwahi, akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye benchi na kumkalisha mbali na lile tundu la kitasa.

— Huyu mume wangu ameondoka chai imo kikombeni. Tangu tumeoana hajawahi kuiacha chai. Nikasema, leo kuna jambo.

Mzee Dakika akaishusha simu mapajani.

— Benki wameniandikia. Wanataka kuifunga akaunti. Sikutaka ujue, nilitaka niimalize mwenyewe. Posta amenisomea, tumeshajibu nusu.

— Wamekuandikia wewe?

— Mimi.

— Wamekuitaje?

— Wameniita Mpendwa.

— Mpendwa nani?

Mzee akamtazama Posta. Posta akatazama simu.

— Mpendwa Mteja, shemeji.

— Mteja ni nani?

— Ni yeye, akadakia Breki. Na chini wamemtaja kabisa, Dakika.

Yule mama alicheka, kicheko kidogo cha puani.

— Dakika ni jina mlilompa ninyi hapa, kwa sababu kila anayemletea saa anaambiwa "nipe dakika." Benki wamelijulia wapi? Siku tulipofungua akaunti nilikuwepo. Yule binti wa dirishani aliandika majina yako yote matatu, akalikosea la babu yako, ukakataa kuondoka mpaka alisahihishe. Foleni nzima ikanuna. Sasa kama ni benki ileile, mbona leo hawakujui jina?

Wembe akaushusha mkasi wake. Breki alitazama mawinguni.

Posta ndiye aliyejikuta amesimama.

— Muhuri, akasema polepole. Sikutazama muhuri.

— Muhuri gani?

— Barua yoyote, kabla sijamkabidhi mtu, niligeuza bahasha nikatazama muhuri, imetoka wapi. Mtu anaweza kuandika jina lolote juu ya bahasha, lakini muhuri ndio unaosema. Hii nimesoma "Mpendwa" tu nikalainika. Nipe hiyo simu.

Akarudi kwenye ile barua pepe. Juu kabisa paliandikwa jina la benki. Akaligusa lile jina, na chini yake ikajitokeza anwani yenyewe: herufi na namba zimefuatana bila mpango, na jina la benki halimo hata mahali pamoja.

— Hii ni anwani au kuku amekanyaga simu? akasema Wembe.

— Baba, Mama Birika akauliza. Namba ya siri umeshaiweka?

Mzee Dakika aliitazama simu.

— Nilikuwa nimegonga mbili za mwanzo. Kidole kilitetemeka, nikakosea, nikawa nafuta. Ndipo alipokuja bibi yenu.

— Usiguse tena! Funga, toka humo kabisa!

Posta akaufunga ukurasa. Mama Birika akakumbuka kwamba kadi ina namba ya simu nyuma. Hakuwa na hakika kama ndiyo njia, lakini alijua kwamba namba iliyoko kwenye kadi walipewa na benki yenyewe, ana kwa ana, na hakuna mwingine aliyeichomeka pale. Wembe akasoma namba kwa sauti, Breki akapiga, sauti ikawekwa juu wote wasikie. Iliita kwa muda mrefu. Breki alikuwa ameanza kusema kwamba labda waya umepata joto, mara akapokea mwanamke.

— Karibu huduma kwa wateja. Naongea na nani?

Mzee Dakika akavuta pumzi, akalitaja jina lake, la baba yake na la babu yake. Alilitaja lote, wazi, kama mtu anayejibu mahudhurio darasani. Wale wenzake wakatazamana. Miaka yote hiyo wamekunywa naye kahawa, na kumbe ndani ya huyu Dakika mlikuwa na jina zuri hivyo.

Yule dada wa benki alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakumcheka wala kumkaripia. Akamwambia, "Umefanya vizuri kupiga, baba yangu." Kadi ile akaifunga palepale, akamwambia aende tawini na kitambulisho chake kuchukua nyingine. Breki akauliza kwa sauti kama mzee aitaje sasa ile namba ya siri, kuthibitisha. Dada akajibu haraka:

— Hapana, baba. Usinitajie hata mimi. Benki haikuombi namba ya siri, si kwa barua pepe, si kwa simu. Ukiona mtu anaiomba, ujue si sisi. Na anayekuharakisha usipate muda wa kuuliza, huyo naye si sisi.

— Na pesa? Mzee akauliza. Ni za jicho la mke wangu.

— Zipo, baba. Kama ulivyoziacha. Mpe pole, na Mungu amjalie aone vizuri.

Simu ikakatika. Mzee Dakika akakifungua kile kitambaa cha vioo vya saa, akakibana machoni, akakaa hivyo. Mkewe akapapasa mpaka akalipata goti lake, akaweka mkono hapo. Wembe alijitia anaufuta mkasi.

— Mimi ndiye niliyesema ijibiwe, akasema Posta. Nimezeeka vibaya. Ningekutilia mwizi nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe.

— Acha hayo, shemeji, akasema yule mama. Unakumbuka barua za kaka yangu, alipokuwa kazini mbali?

— Nazikumbuka.

— Ulikuwa unanisomea, "Anasema anakukumbuka sana, na anakuombea usiku na mchana." Nikifika nyumbani naisoma mwenyewe, na hayo maneno siyaoni popote.

Posta akainamisha kichwa. Masikio yake yalibadilika rangi.

— Ulijua?

— Nilijua. Na kusoma nilikuwa najua, vizuri tu. Kaka yangu alikuwa mtu wa "nipo, tumeni soksi." Ndiyo maana barua zake nilikuwa nakusubiri wewe uzisome.

Breki aligeuza uso ng'ambo, akasema kuna vumbi. Hapakuwa na vumbi.

Mama Birika akamimina kilichobaki ndani ya birika. Kilitosha vikombe viwili tu. Kimoja akampa yule mama, kingine akampa Posta. Kahawa ikawa imeisha, na jua ndiyo kwanza linapanda.

— Hii niifute? Posta akauliza, simu mkononi.

— Ifute.

— Bila kuijibu?

— Bila.

Alichelewa kidogo, kidole kikaning'inia hewani, kisha akaifuta. Akamrudishia mzee simu yake. Wembe alikumbuka kwamba ana mtu ndani mwenye kichwa cha nusu, akainuka. Mzee Dakika naye akainuka, akampa mkewe mkono waanze kwenda tawini kabla foleni haijawa ndefu.

Yule mama hakuinuka mara moja. Alikuwa ameelekeza uso kule ilikokuwa sauti ya Posta.

— Huyo mtoto wa watu, akasema, huyo aliyeandika hiyo barua. "Mpendwa" ameiandika vizuri, hakukosea?

— Hakukosea hata herufi, shemeji.

— Basi yupo mtu aliyemshika mkono akamfundisha kuandika. Alikuwa nani?

Mtoto alichezacheza mgongoni, na Mama Birika akaikaza kanga, akamsikia anavyopumua. Posta alitazama ndani ya kikombe chake. Wembe alisimama mlangoni na mkasi, mguu mmoja ndani. Walimngoja Breki, maana Breki siku zote analo la kusema, lakini Breki naye alikuwa anangoja wengine.